Noah Webster: Mwalimu aliyeitoa u kwenye colour

Ukitembea kutoka Likoni hadi Mtwapa huku ukisoma mbao za biashara, utaona Kiingereza cha kila aina. Fundi mmoja ameandika tyre centre, jirani yake ameandika tire center. Huku kuna doughnuts, ng'ambo ya barabara kuna donuts. Klabu imejiita night, nyingine nite. Halafu kuna hili la drive thru, ambalo wenye watoto shuleni hulitazama wakatikisa kichwa.

Mabishano yake barazani huwa hayaishi. Wazee waliosomeshwa zamani hushikilia kwamba tahajia ya Kiingereza ni moja, ile ya Mwingereza, na mengine yote ni uvivu wa vijana. Vijana nao hutoa simu na kuonyesha jinsi inavyopiga mstari mwekundu chini ya colour na kuiacha color ipite salama. Kila upande una ushahidi wake, na kahawa hupoa.

Leo nimeona heri niwasimulie maisha ya mtu ambaye zaidi ya mwengine yeyote ndiye aliyetuachia ugomvi huu. Jina lake ni Noah Webster. Wengi mnalijua kwa kuliona kwenye majalada ya kamusi na huenda mkadhani ni jina la kampuni. Alikuwa mtu, tena mwalimu wa watoto. Naamini anayejua alishinda wapi na alishindwa wapi, hatapata taabu kuamua mwenyewe juu ya nite na thru.

Alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1758, katika eneo la wakulima magharibi mwa mji wa Hartford, Connecticut. Wakati huo Marekani haikuwa nchi bado. Yalikuwa makoloni ya Mwingereza yaliyopangana kando ya bahari ya Atlantiki, na vitabu karibu vyote vya maana vilitoka London. Babake alikuwa mkulima wa kadiri, si maskini wa kutupwa wala si tajiri. Alipoona mwanawe anapenda vitabu kuliko jembe, aliliweka rehani shamba ili kijana aende chuo cha Yale. Noah aliingia huko mwaka 1774, akiwa hajatimiza miaka 16.

Mwaka uliofuata vita vya kumfukuza Mwingereza vikaanza. Masomo yalikatika mara kwa mara, chakula kikawa shida, lakini mwaka 1778 alihitimu. Aliporudi nyumbani babake alimpa noti ya dola 8, pesa za wakati wa vita ambazo thamani yake ilikuwa imeporomoka vibaya, akamwambia kwamba kuanzia hapo ajitegemee. Shamba lilikuwa limeshafanya lililoweza.

Kijana huyo alitaka kuwa wakili, na mwaka 1781 alikubaliwa kufanya kazi hiyo. Lakini wateja wakati wa vita walikuwa haba, kwa hiyo riziki yake ikawa ualimu. Ni katika kufundisha ndipo alipoona kilichomsumbua maisha yake yote. Watoto walijazana katika chumba kimoja cha baridi, wa miaka mitano pamoja na wa miaka 15, na kitabu cha kuwafundishia kusoma kilikuwa cha Mwingereza mmoja aitwaye Thomas Dilworth. Kitabu hicho kiliyakata maneno kwa silabi kwa namna isiyolingana na jinsi mtoto anavyoyatamka. Neno cluster, kwa mfano, kilikata clu na ster, na mtoto alipolisoma hivyo akapata neno ambalo hajawahi kulisikia likitamkwa na mtu. Webster alikata clus na ter. Jambo dogo mno, lakini mwalimu yeyote wa darasa la kwanza atakwambia kwamba katika jambo dogo kama hilo ndipo mtoto anaposoma au anapokwama.

Mwaka 1783, akiwa na miaka 24, alichapisha kitabu chake mwenyewe cha kufundishia kusoma na tahajia. Jina lake la kwanza lilikuwa refu na la kujikweza, na baadaye kikaitwa kitabu cha tahajia cha Kimarekani. Watu hawakuliita jina lolote kati ya hayo. Walikiita kile cha jalada la samawati. Kilianza na irabu na silabi, ba be bi bo bu, kama vile sisi tulivyoanza Kiswahili chetu, na darasa zima liliimba kwa sauti moja kama watoto wa chuoni mbele ya juzuu. Kisha yakaja maneno ya silabi moja, ya mbili, ya tatu, yakipangwa pia kwa mahali mkazo unapoangukia. Mwishoni kulikuwa na hadithi fupi za mafunzo.

Kitabu hicho kiliuzwa kwa makumi ya mamilioni katika karne iliyofuata. Kwa miaka mingi, nyumba nyingi za Marekani zilikuwa na Biblia na kile cha samawati, basi. Webster mwenyewe hakutajirika nacho. Malipo yake mara nyingi yalikuwa chini ya senti moja kwa kila nakala, na haki nyingine aliziuza mapema kwa bei ya kutupa kwa sababu alihitaji pesa siku ile.

Hapa ndipo alipojifunza jambo jengine. Wakati huo hapakuwa na sheria ya nchi nzima ya kumlinda mwandishi. Mchapishaji wa jimbo la pili aliweza kukiiga kitabu chako na kukiuza bila kukupa chochote. Webster alipanda farasi na magari ya kukokotwa, akazunguka jimbo hadi jimbo akiwaomba watunga sheria walinde kazi ya mwandishi. Katika safari hizo, mwaka 1785, alifika hata nyumbani kwa George Washington. Sheria ya kwanza ya taifa ilipita mwaka 1790, na iliporefushwa mwaka 1831, Webster, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, alikuwa miongoni mwa waliokwenda Washington kuisukuma. Waandishi wanaolipwa leo kwa jasho lao wanadaiwa shukrani na mzee huyu, hata wale wanaoichukia tahajia yake.

Sasa nije kwenye herufi zenyewe, kwa sababu hapa watu wengi hudhani mambo yalikuwa tofauti na yalivyokuwa. Webster hakuanza kama mvunja tahajia. Katika kitabu chake cha mwaka 1783 aliitetea ile u ya honour na favour, akawacheka waliotaka kuitoa. Kilichombadilisha ni siasa, na mtu mmoja.

Siasa ni hii. Makoloni yalikuwa yamepata uhuru, lakini bado yaliitazama London kwa mavazi, kwa vitabu na kwa namna ya kusema. Webster aliona kwamba bendera peke yake haitoshi. Taifa linalosubiri mji mkuu wa mtawala wa zamani uliambie neno lipi ni sahihi, kwake lilikuwa halijawa huru. Tena aliwaza kama mfanyabiashara: Marekani ikiwa na tahajia yake, vitabu vya watoto wake vitalazimika kuchapishwa Marekani. Na akapiga hesabu kwamba kuondoa herufi zisizotamkwa kungepunguza ukurasa mmoja katika kila kurasa 18. Karatasi wakati huo ilikuwa ghali.

Mtu niliyemtaja ni Benjamin Franklin. Mzee huyo, mchapishaji, mwanasayansi na mwanasiasa, alikuwa ametunga alfabeti yake mwenyewe mwaka 1768, akaondoa herufi alizoona hazina kazi na kubuni mpya sita. Alimwonyesha Webster na kumshawishi. Webster hakuzikubali herufi mpya, maana alijua wachapishaji hawatanunua herufi za risasi ambazo hakuna mwengine anayezitumia. Lakini wazo la kuandika kama unavyosema lilimwingia damuni.

Mwaka 1789, mwaka huo huo aliomwoa Rebecca Greenleaf wa Boston, alitoa kitabu cha mihadhara juu ya lugha alichomtunukia Franklin. Mwishoni mwake aliweka mpango wake. Bread iwe bred. Head iwe hed. Friend iwe frend. Give iwe giv. Daughter iwe dawter. Laugh iwe laf. Tough iwe tuf. Character iwe karacter, na machine iwe masheen. Mwaka uliofuata alikwenda mbali zaidi, akachapisha insha zake, baadhi yake katika tahajia hiyo mpya tangu mwanzo hadi mwisho.

Alichekwa. Wasomi walimwona amerukwa na akili, rafiki walimsihi arudi nyuma, na kitabu cha mihadhara kilimtia hasara ya pesa. Tazameni maneno yale tena, wasomaji wangu. Mengi yana sura ya ujumbe wa kijana wa leo kwenye simu. Laf, tuf, giv. Mtu aliyeyaandika hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa msomi wa Yale, wakili na mwalimu, na alikuwa na hoja. Mtoto anayeandika frend anaonyesha kwamba sikio lake ni zima. Kosa liko kwenye neno, haliko kwa mtoto.

Lakini hoja nzuri haitoshi. Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote, na Webster aliisoma methali hii kwa gharama yake mwenyewe.

Alihamia New York, akaanzisha gazeti la kila siku mwezi wa Desemba 1793, akaliandika na kulihariri mpaka likamchosha. Mwaka huo pia alichapisha maandishi ya kupinga utumwa. Mwaka 1798 akahamia New Haven na familia yake, na huko akaanza kazi iliyokula miaka iliyobaki. Mwaka 1806 alitoa kamusi ndogo. Humo utamwona mtu aliyejifunza nusu ya somo. Hakuna tena masheen wala dawter. Ameandika color, honor, center, theater, music, na defense kwa s. Lakini bado ameshindwa kujizuia: women ameandika wimmen, island ameandika iland, soup ameandika soop, na tongue, yaani ulimi, ameandika tung, akidai hiyo ndiyo tahajia yake ya asili kabla haijaharibiwa.

Mwaka 1807 alianza kamusi kubwa. Alidhani itamchukua miaka michache. Ilimchukua zaidi ya 20. Alijitengenezea meza ya mviringo iliyo wazi katikati, akapanga juu yake kamusi na sarufi za lugha nyingi, kisha akawa anaizunguka amesimama, akilifuatilia neno moja kutoka kitabu hadi kitabu. Alijifunza lugha zaidi ya 20 kwa kadiri ya kuzitumia, Kiarabu, Kiebrania na lugha ya kale ya Ethiopia zikiwemo. Alihamia Amherst, Massachusetts, ambako maisha yalikuwa nafuu, akawa mmoja wa walioanzisha chuo cha huko, kisha akarudi New Haven. Mwaka 1824 alivuka bahari pamoja na mwanawe William, akafanya kazi katika maktaba za Paris, na ni katika mji wa Cambridge nchini Uingereza, nchi ile ile aliyotaka kujitenga na tahajia yake, alipoandika neno la mwisho mwezi wa Januari 1825.

Kamusi ilitoka mwaka 1828, juzuu mbili, maneno yapatayo 70,000, bei dola 20. Yeye alitimiza miaka 70 mwaka huo. Alitia ndani maneno ya nchi yake ambayo kamusi za London hazikuwa na habari nayo, kama vile skunk na chowder. Maelezo yake ya maana yalikuwa mazuri kupita ya wote waliomtangulia. Habari alizotoa za asili ya maneno zilikuwa dhaifu, kwa sababu alilazimisha lugha zote zitoke chimbuko moja la zama za mnara wa Babeli, wakati wataalamu wa Ujerumani walikuwa tayari wamegundua njia bora. Nakala 2,500 zilichapishwa na ziliuzika polepole. Alipotaka kutoa toleo la pili, alilolikamilisha mwaka 1841, aliiweka nyumba yake rehani, kama babake alivyoliweka shamba.

Alifariki tarehe 28 Mei 1843, New Haven, akiwa na miaka 84. Ndugu wawili wachapishaji, George na Charles Merriam, walizinunua nakala zilizobaki na haki ya kuirekebisha kamusi. Hao ndio waliolifanya jina lake kuwa la kila nyumba, na familia zao zikapata faida ambayo yeye hakuiona.

Nimesema kwamba aliyejua ushindi wake na kushindwa kwake atajua kuamua. Basi tuhesabu.

Color, honor, center, theater, traveler kwa l moja, defense, plow: Marekani nzima inaandika hivyo hadi leo. Music bila k mwishoni, na jail badala ya gaol, hata Waingereza wenyewe sasa wanaandika. Wimmen, tung, iland, soop: yamekufa yote. Kwa nini? Mtu ni yule yule, kamusi ni ile ile, na hoja ya tung ni nzuri kuliko hoja ya color.

Jibu ninaloliona mimi ni hili. Center na color hakuyabuni Webster. Sura zote mbili, yenye u na isiyo na u, zilikuwa zikiandikwa Uingereza karne nyingi kabla yake. Zilikuwa mikononi mwa watu tayari. Alichofanya ni kuchagua moja na kuipeleka kwa mamilioni ya watoto. Tung na wimmen hazikuwa mikononi mwa mtu yeyote katika zama zake, na alitaka watu wazipokee kwa kuwa yeye amezithibitisha kwa akili. Watu hawakupokea. Maji hufuata mkondo, na anayeyataka yapande mlima atachoka yeye.

Kuna ushahidi mwengine unaochekesha, nao ulitokea angali hai. Mwezi wa Machi 1839, gazeti moja la Boston lilichapisha kifupisho cha mzaha. Ulikuwa mtindo wa waandishi wa mji ule kuandika maneno kimakosa makusudi na kisha kuyafupisha. Wakalichukua all correct, wakaliandika oll korrect, wakafupisha: OK. Mwaka uliofuata wafuasi wa Rais Martin Van Buren walikichukua kifupisho hicho katika kampeni, kwa kuwa kililingana na jina lake la utani. Rais alishindwa uchaguzi, OK ikabaki. Mzee Webster alipigania tung kwa miongo mingi na haikufika popote. Mzaha wa gazeti umefika hadi Lamu, na hakuna aliyetuomba tuukubali.

Baada yake walikuja wengine wenye nguvu zaidi. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliwaamuru wachapishaji wa serikali watumie tahajia fupi za maneno 300, thru na tho yakiwemo. Bunge lilimkatalia, magazeti yakamdhihaki, akaiondoa amri yake. Rais wa nchi, jamani, alishindwa na herufi tatu. Gazeti la Chicago Tribune nalo lilianza mwaka 1934 kutumia tahajia fupi, likaendelea kwa miongo minne, na mwaka 1975 likasalimu amri. Hata hivyo thru yenyewe haikufa. Ilijificha kwenye mbao za barabarani na madirisha ya kuuzia chakula, mahali ambapo nafasi ni ndogo na msomaji yuko ndani ya gari, na kutoka huko ndiko ilikotujia. Donut imefuata njia hiyo hiyo ya biashara. Alright bado iko mlangoni: already na altogether ziliungana zamani na hakuna anayelalamika, lakini hii bado wahariri wengi wanaikataa.

Sasa mtu ataniuliza, na sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Vijana wa mtaani huniletea barua zao za kuomba kazi niwasomee kabla hawajazipeleka. Wengi wana vyeti vizuri. Barua inaanza vyema, kisha katikati ninakutana na thru na tonite, na organise na organize zimekaa ukurasa mmoja kama wake wenza wasiosemezana. Binti mmoja wa jirani aliambiwa na afisa aliyempokea, katika ofisi ambayo sitaitaja, kwamba mtu asiyejua kuandika through hawezi kuaminiwa na mafaili. Binti huyo anajua hesabu kuliko afisa. Lakini mlango ulifungwa kwa herufi.

Ndiyo maana siwezi kuunga mkono upande wowote wa barazani kwa ukamilifu. Wanaosema tahajia ni sheria kutoka mbinguni wanakosea. Tahajia ya Kiingereza tuliyofundishwa ilitufikia na Mwingereza, na kama tungetawaliwa na mwengine tungeandika vingine na kuwachapa watoto kwa kosa jengine. Wanaosema haina maana wanakosea pia, kwa sababu hakuna aliyewahi kulipia kosa la tahajia isipokuwa yule asiye na jina kubwa. Mwenye cheo akiandika thru, watu husema ana haraka. Mtoto wa mvuvi akiandika hivyo, husema hakusoma.

Na hapo ndipo ninapompenda Webster kuliko mahali pengine pote. Katika mji wa Baltimore, akiwa bado hai, kulikuwa na kijana mtumwa aliyekatazwa kusoma na bwana wake. Kijana huyo alipata kitabu cha tahajia cha Webster, akanakili herufi zake moja moja mpaka akaweza kuziandika bila kutazama. Aliitwa Frederick Douglass, na baadaye alitoroka, akawa mmoja wa wasemaji wakubwa dhidi ya utumwa duniani. Baada ya watumwa kuachiwa huru, mamake Booker T. Washington, aliyekuwa hajui kusoma, alimtafutia mwanawe kile kile cha jalada la samawati, kikawa kitabu chake cha kwanza. Sisi watu wa pwani, ambao mabibi na mababu zetu waliyaona majahazi yakipakiwa watu, tunajua uzito wa habari kama hiyo. Kwa watoto wale, herufi sahihi haikuwa adabu ya Kiingereza. Ilikuwa ufunguo, na walitaka ufunguo unaofungua mlango uliopo.

Tena sisi tuna tung yetu wenyewe. Webster alikufa mwaka 1843, na mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, akaanza kukiandika Kimvita kwa herufi za Kizungu. Kamusi yake, iliyotoka mwaka 1882, ilisimama juu ya lahaja hii yetu. Lakini mkutano uliofanyika Mombasa penyewe mwaka 1928 uliamua kwamba Kiswahili cha vitabu kitajengwa juu ya Kiunguja. Tangu hapo mtoto wa Mji wa Kale anayeandika ndia badala ya njia, au mato badala ya macho, anapigiwa mstari mwekundu kwa maneno ambayo bibiye anayasema kila siku. Hayo hayakuwa makosa. Yalikosa kuchaguliwa tu. Anayejua hilo hatamcheka mtoto, hata akimsahihisha.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii, na aipinge anayetaka. Kwenye barua ya kazi, mtihani na hati, chagua tahajia moja, ya Mwingereza au ya Mmarekani kulingana na mahali inapokwenda, na usiichanganye. Through iandikwe yote. Kwenye ubao wa duka na ujumbe wa rafiki, andika nite na donut upendavyo, maana ndiko maneno yanakojaribiwa, na yatakayofaa yatabaki bila ruhusa ya mtu. Na wewe mwalimu, afisa au mzazi mwenye kalamu nyekundu, sahihisha neno uiache heshima ya mwenyewe. Webster alikuwa na elimu yote ile na hakuweza kumlazimisha mtu mmoja kuandika tung. Alichoweza ni kumweka mtoto mbele ya kitabu mpaka akajua kusoma, na hilo ndilo lililobaki.